Edwin Stanton

Edwin McMasters Stanton (Steubenville, Ohio, 19 Desemba 1814 – Washington, D.C., 24 Desemba 1869) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Marekani. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali chini ya Rais James Buchanan (1860–1861), halafu Waziri wa Vita chini ya marais Abraham Lincoln na Andrew Johnson (1862–1868).

Anajulikana kwanza kama mtu aliyesimamia jeshi la Kaskazini wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Pili, anajulikana kama waziri aliyekataa kuondoka ofisini baada ya rais kumfukuza kazi. Mgogoro huo wa mwaka 1868 ulisababisha Andrew Johnson kuwa rais wa kwanza wa Marekani kushtakiwa bungeni. Pia uliibua swali ambalo bado linabishaniwa mahakamani: je, bunge linaweza kutunga sheria ya kumzuia rais asimwachishe kazi mtumishi wa serikali?

Maisha ya awali

Stanton alizaliwa mjini Steubenville, kando ya mto Ohio, akiwa mtoto wa kwanza wa David Stanton, mganga aliyetoka katika ukoo wa Waquaker, na Lucy Norman. Tangu utotoni aliugua pumu, na ugonjwa huo haukumwacha maisha yake yote.

Baba yake alifariki mwaka 1827, Edwin akiwa na umri wa miaka 13. Familia ilibaki na fedha kidogo, hivyo kijana huyo aliacha shule na kufanya kazi katika duka la vitabu. Mwaka 1831 alijiunga na Chuo cha Kenyon huko Ohio, lakini alilazimika kuondoka bila kuhitimu kwa sababu ya kukosa ada. Baadaye alisoma sheria katika ofisi ya wakili, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili kabla ya kufikia umri wa miaka 22.

Tarehe 31 Desemba 1836 alimwoa Mary Lamson. Walipata watoto wawili, lakini binti yao Lucy alifariki mwaka 1841, na Mary mwenyewe alifariki mwaka 1844. Miaka miwili baadaye mdogo wake Stanton, Darwin, alijiua. Watu waliomfahamu walisema kwamba misiba hiyo ilimbadilisha: kutoka kijana mchangamfu akawa mtu mkali, mwenye haraka na asiyependa mazungumzo yasiyo ya kazi. Mwaka 1856 alioa tena, safari hii Ellen Hutchison wa Pittsburgh.

Kazi ya uwakili

Mwaka 1847 Stanton alihamia Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, akawa mmoja wa mawakili waliotafutwa sana nchini. Aliiwakilisha Pennsylvania katika kesi ya daraja la Wheeling, lililodaiwa kuzuia meli za mvuke katika mto Ohio. Mahakama ya Juu ilikubaliana naye mwaka 1852, lakini Kongresi (bunge la Marekani) ilipitisha sheria iliyohalalisha daraja hilo, nalo likabaki.

Mwaka 1855 alikuwa mmoja wa mawakili katika kesi ya mashine za kuvunia kati ya Cyrus McCormick na John Manny, iliyosikilizwa Cincinnati. Upande wake ulikuwa pia umemwajiri wakili wa Illinois aliyeitwa Abraham Lincoln. Stanton alimdharau na kumweka kando, hata Lincoln hakupewa nafasi ya kuzungumza mahakamani.

Mwaka 1858 serikali ilimtuma California kuchunguza madai ya José Limantour, aliyedai kumiliki sehemu kubwa ya mji wa San Francisco. Stanton alithibitisha kwamba hati za madai hayo zilikuwa za kughushi. Mwaka 1859 alikuwa miongoni mwa mawakili wa mbunge Daniel Sickles, aliyemuua kwa risasi mpenzi wa mke wake mjini Washington. Sickles aliachiliwa kwa hoja ya wazimu wa muda, na kesi hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza nchini Marekani ambamo hoja hiyo ilifaulu.

Katika serikali ya Buchanan

Desemba 1860, wakati majimbo ya Kusini yalipoanza kujitenga, Rais Buchanan alimteua Stanton kuwa Mwanasheria Mkuu. Ingawa alikuwa mwanachama wa chama cha Democratic, Stanton alipinga vikali kujitenga huko, na alimshinikiza rais asiziachie ngome za serikali zilizokuwa Kusini. Kwa siri alimpasha habari za mikutano ya mawaziri Seneta William Seward wa chama cha Republican. Aliondoka madarakani Lincoln alipoapishwa tarehe 4 Machi 1861.

Waziri wa Vita

Januari 1862 Lincoln alimwondoa Waziri wa Vita, Simon Cameron, ambaye wizara yake ilijaa malalamiko ya ubadhirifu. Badala yake alimteua Stanton, licha ya dharau aliyotendewa huko Cincinnati. Seneti ilimthibitisha, akaanza kazi tarehe 20 Januari.

Stanton alipitia upya mikataba ya manunuzi, akawabana wazabuni na kuleta mitambo ya telegrafu ndani ya jengo la wizara yake. Tangu hapo Lincoln alikuwa akienda huko mara kwa mara kusoma habari za mapigano, na wawili hao wakazoeana. Mwaka 1863, jeshi la Kaskazini lilipozingirwa Chattanooga, Stanton alisimamia usafirishaji wa askari zaidi ya 20,000 kwa reli kutoka Virginia katika muda wa siku chache.

Alikuwa pia mmoja wa mawaziri waliounga mkono mapema kuandikishwa kwa watu weusi jeshini. Mwaka 1863 wizara yake iliunda idara maalumu ya vikosi hivyo, na hadi mwisho wa vita askari weusi wapatao 179,000 walikuwa wametumikia jeshi la Kaskazini. Januari 1865 alisafiri hadi Savannah, Georgia. Pamoja na Jenerali William Sherman alikutana na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi ili kusikia wanachotaka kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Walitaja ardhi yao wenyewe. Siku chache baadaye Sherman alitoa amri ya kuwagawia sehemu ya ardhi ya pwani.

Upande mwingine, Stanton alilaumiwa kwa ukali wake. Chini ya mamlaka ya wizara yake raia wengi walikamatwa bila kufikishwa mahakamani, wakiwemo wahariri wa magazeti.

Lincoln alipopigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, Stanton alikaa katika nyumba alimolazwa rais. Kutoka hapo aliongoza serikali usiku kucha: alihoji mashahidi, akatuma telegramu na kuamuru msako wa wauaji. Asubuhi iliyofuata Lincoln alifariki, na Makamu wa Rais Andrew Johnson akaapishwa kuwa rais.

Mgogoro na Rais Johnson

Johnson, mtu wa Tennessee, aliwabakiza mawaziri wa Lincoln. Lakini upesi alitofautiana na Kongresi kuhusu namna ya kuyarudisha majimbo ya Kusini. Johnson aliwasamehe waasi wengi, akawarudishia ardhi ambayo watu waliotoka utumwani walikuwa wamegawiwa, na akapinga sheria za kuwapa watu weusi haki za kiraia. Mwaka 1866 watu weusi wengi waliuawa katika ghasia za Memphis na New Orleans. Wabunge wengi wa chama cha Republican waliamini kwamba jeshi pekee ndilo lingeweza kuwalinda.

Tarehe 2 Machi 1867 Kongresi ilipitisha sheria tatu muhimu kwa siku moja. Ya kwanza iligawa majimbo kumi ya Kusini katika kanda tano chini ya makamanda wa jeshi. Ya pili iliagiza kwamba amri za rais kwa jeshi zipitie kwa Jenerali Ulysses Grant. Ya tatu ilikuwa Sheria ya Muda wa Madaraka.

Kwa kuwa makamanda wa kanda walikuwa chini ya Wizara ya Vita, cheo cha Stanton kikawa muhimu kuliko vyeo vyote vya mawaziri. Yeye alikuwa waziri aliyebaki serikalini akiunga mkono sera ya bunge dhidi ya rais wake mwenyewe.

Sheria ya Muda wa Madaraka

Katiba ya Marekani inasema kwamba rais huteua maofisa wakuu kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Kuhusu kuwaondoa haisemi lolote, isipokuwa kwa njia ya mashtaka ya bunge. Mwaka 1789 Kongresi ya kwanza ilijadili jambo hilo ilipounda wizara ya mambo ya nje. James Madison alitetea maoni kwamba rais lazima aweze kumwondoa waziri peke yake, kwa kuwa ndiye anayewajibika kwa utekelezaji wa sheria. Maoni hayo yalifuatwa kwa miaka zaidi ya 70.

Sheria ya mwaka 1867 iligeuza desturi hiyo. Ofisa aliyethibitishwa na Seneti alipaswa kubaki kazini mpaka mrithi wake athibitishwe pia na Seneti. Seneti ikiwa likizoni, rais aliweza kumsimamisha ofisa kwa muda tu, kisha kueleza sababu zake Seneti inaporudi. Seneti ikizikataa sababu hizo, ofisa alirudi kazini. Aliyevunja sheria hiyo angeweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000, kufungwa hadi miaka mitano, au yote mawili.

Kwa mawaziri kulikuwa na sharti la pekee. Wangeshika madaraka katika kipindi cha rais aliyewateua, na mwezi mmoja baada yake. Maneno hayo yalitokana na maafikiano kati ya Seneti na Baraza la Wawakilishi, na baadaye yakawa kiini cha kesi.

Johnson aliipinga sheria hiyo kwa kura ya turufu, lakini Kongresi iliipitisha tena kwa theluthi mbili. Kabla ya hapo mawaziri wote walikuwa wamemshauri rais kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba. Stanton alikuwa miongoni mwao, tena alisaidia kuandaa hoja za kura hiyo ya turufu. Mwaka uliofuata sheria hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kinga yake.

Kusimamishwa na kurudi

Tarehe 5 Agosti 1867 Johnson alimwomba Stanton ajiuzulu. Stanton alikataa, akisema hataondoka kabla Kongresi haijakutana tena. Tarehe 12 Agosti rais alimsimamisha na kumweka Grant kuwa kaimu waziri. Mwezi huohuo aliwaondoa makamanda wawili wa kanda za Kusini, majenerali Philip Sheridan na Daniel Sickles, yule aliyewahi kutetewa na Stanton.

Johnson alifuata utaratibu wa sheria aliyoipinga, akapeleka sababu zake kwa Seneti mwezi Desemba. Tarehe 13 Januari 1868 Seneti ilizikataa kwa kura 35 dhidi ya 6. Kesho yake Grant alitoka ofisini, naye Stanton akarudi. Johnson alimlaumu Grant kwa kuvunja ahadi, na uadui wao ukasomwa magazetini.

Kujifungia ofisini

Tarehe 21 Februari 1868 Johnson aliamua kumwondoa Stanton moja kwa moja. Alimpa Jenerali Lorenzo Thomas barua mbili: moja ya kumfukuza Stanton, nyingine ya kumfanya Thomas mwenyewe kuwa kaimu waziri. Stanton aliipokea barua yake lakini hakuondoka. Jioni hiyo Seneti ilipitisha azimio kwamba rais hana mamlaka ya kumwondoa. Stanton akaweka walinzi na kulala ofisini.

Asubuhi ya tarehe 22 Thomas alikamatwa nyumbani kwake kwa malalamiko ya Stanton, akaachiliwa kwa dhamana ya dola 5,000. Kisha alikwenda wizarani kudai ofisi, na kila mmoja akamwamuru mwenzake aondoke. Baadaye Thomas aliieleza Seneti kwamba alimlalamikia Stanton kuwa alikamatwa kabla hajapata kifungua kinywa. Stanton akamwekea mkono begani, akaagiza wiski, na wazee hao wawili wakanywa pamoja.

Mawakili wa Thomas walitaka kuitumia kesi yake ili sheria yenyewe ipimwe mahakamani. Walipojaribu kufanya hivyo mashtaka yaliondolewa, hivyo mahakama hazikupata nafasi ya kuamua.

Tarehe 24 Februari Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 126 dhidi ya 47 kumshtaki rais. Katika vipengele 11 vya mashtaka, vingi vilihusu kuondolewa kwa Stanton.

Kesi mbele ya Seneti

Kesi ilianza Machi 1868 chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu Salmon Chase. Upande wa mashtaka uliwakilishwa na wabunge, wakiwemo Benjamin Butler, John Bingham na Thaddeus Stevens. Johnson alitetewa na mawakili kama Benjamin Curtis, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na William Evarts.

Utetezi ulikuwa na hoja tatu. Kwanza, sheria ilisema waziri hulindwa katika kipindi cha rais aliyemteua. Stanton aliteuliwa na Lincoln mwaka 1862, na Johnson hakumteua kamwe, kwa hiyo hakulindwa. Pili, hata kama alilindwa, sheria ilikiuka Katiba. Tatu, rais ana haki ya kulifikisha suala la namna hiyo mahakamani kwa kutenda, bila kuhesabiwa kuwa mhalifu.

Washtaki walijibu kwamba Johnson alikuwa anamalizia kipindi cha Lincoln. Walisema pia kwamba yeye mwenyewe aliitambua sheria hiyo alipomsimamisha Stanton kwa kufuata masharti yake. Zaidi ya hayo, rais akiruhusiwa kuchagua sheria za kutii, sheria za bunge hazitakuwa na maana.

Kulikuwa na maseneta 54, na theluthi mbili ilikuwa kura 36. Tarehe 16 Mei kura ya kipengele cha 11 ilikuwa 35 dhidi ya 19. Tarehe 26 Mei vipengele viwili vingine vilipata matokeo yaleyale. Johnson alinusurika kwa kura moja. Maseneta saba wa Republican, akiwemo Edmund Ross wa Kansas, walipiga kura ya kumwachilia.

Siku hiyohiyo ya 26 Mei Stanton aliacha ofisi. Nafasi yake ilichukuliwa na Jenerali John Schofield.

Mwisho wa maisha

Afya ya Stanton ilikuwa imedhoofika sana. Hata hivyo alizunguka kumpigia debe Grant katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1868, na Grant alishinda. Tarehe 20 Desemba 1869 Grant alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na Seneti ilimthibitisha siku hiyohiyo kwa kura 46 dhidi ya 11. Siku nne baadaye, tarehe 24 Desemba, Stanton alifariki nyumbani kwake kabla ya kula kiapo. Alikuwa na umri wa miaka 55. Alizikwa katika makaburi ya Oak Hill, Georgetown.

Mwaka 1871 picha yake iliwekwa kwenye stempu ya senti 7, na mwaka 1911 sanamu yake ilisimamishwa mjini Steubenville mbele ya mahakama.

Suala la kisheria baada yake

Sheria ya Muda wa Madaraka ililegezwa mwaka 1869, mara tu Grant alipoingia madarakani, na ikafutwa kabisa mwaka 1887. Lakini swali lake lilibaki.

Kwa watumishi wa kawaida ulinzi ulikuja kwa njia nyingine. Wakati huo kazi za serikali ziligawiwa kwa wafuasi wa chama kilichoshinda uchaguzi. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyekuwa ameomba cheo asikipate. Mwaka 1883 ikapitishwa Sheria ya Pendleton, iliyoanzisha ajira kwa mitihani na kukataza mtumishi kufukuzwa kwa sababu ya kukataa kukichangia chama cha siasa. Mwanzoni iligusa takriban sehemu moja ya kumi ya watumishi tu. Mwaka 1912 Sheria ya Lloyd–La Follette iliongeza kwamba watumishi hao wasiachishwe kazi isipokuwa kwa sababu inayohusu ufanisi wa kazi. Tena mtumishi apewe sababu hiyo kwa maandishi na nafasi ya kujibu.

Kuhusu maofisa wanaoteuliwa na rais, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi mwaka 1926 katika kesi ya Frank Myers, mkuu wa posta wa Portland, Oregon, aliyefukuzwa na Rais Woodrow Wilson. Kwa majaji 6 dhidi ya 3, mahakama ilisema kwamba bunge haliwezi kumlazimisha rais apate ridhaa ya Seneti ili kumwondoa ofisa kama huyo. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu William Howard Taft, aliyewahi kuwa rais mwenyewe. Ilitamka pia kwamba sheria ya mwaka 1867 ilikuwa batili. Hivyo, karibu miaka 60 baada ya kesi ya Seneti, msimamo wa Johnson kuhusu Katiba ulikubaliwa. Ulikuwa pia ule ambao Stanton mwenyewe aliushauri kabla ya mgogoro kumfikia.

Mwaka 1935, katika kesi ya William Humphrey, mjumbe wa Tume ya Biashara ya Shirikisho aliyeondolewa na Rais Franklin Roosevelt, mahakama iliweka mpaka. Ilisema kwamba wajumbe wa tume za namna hiyo wanaweza kulindwa na sheria ili wasiondolewe bila sababu maalumu. Mwaka 2020, katika kesi kuhusu shirika la kuwalinda wateja wa huduma za fedha, mahakama ilipunguza ulinzi huo pale shirika linapoongozwa na mkuu mmoja.

Tathmini

Wanahistoria wanatofautiana kuhusu Stanton. Wengine wanamwona mtu mwenye hila, aliyemtumikia rais huku akishirikiana na wapinzani wake. Wengine wanasisitiza kwamba aling'ang'ania ofisi kwa sababu aliona kuwa usalama wa watu waliotoka utumwani ulitegemea nani anaongoza jeshi Kusini.

Wanasheria kwa kawaida hutenganisha mambo hayo mawili. Sababu za Stanton za kubaki zinaweza kuwa nzuri huku sheria iliyombakiza ikiwa na kasoro. Vilevile Johnson aliweza kuwa na haki ya kumwondoa waziri na bado kuitumia kwa sera iliyowaumiza raia wengi.